Mchovu si Mvivu



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu. Tukifunga, alasiri sote hulegea, na tukishafuturu nguvu hurudi. Lakini yuko mwenzetu ambaye hata ale, hata alale, nguvu hazirudi. Leo akifua nguo mbili tatu, kesho hajiwezi kitandani. Hali hii ikizidi miezi 6, usingizi haumburudishi na akili ni nzito, huenda ni ugonjwa wa uchovu sugu.

Jamani, tusimwite mvivu. Mwaka 1955 wafanyakazi wengi wa hospitali ya Royal Free, London, waliugua maradhi ya namna hii. Mwaka 1970 madaktari wawili wakaandika kuwa ilikuwa taharuki ya akili tu. Ilipofika 2015, jopo la wataalamu wa Marekani likasema wazi: huu ni ugonjwa wa mwili, tena mzito.

Sasa, mwilini kuna nini? Hebu tazama parachichi. Likikatwa, hewa hulifanya jeusi. Ukilikamulia ndimu, hukawia. Mwili nao unapotumia oksijeni kupata nguvu hutoa vijichembe vikali, radikali huru, vinavyoharibu seli. Vitamini C na E huvituliza, mfano wa ile ndimu. Vikizidi ulinzi, seli huumia. Watafiti wa Japani waliwapima wagonjwa hawa, wakakuta vitamini E katika damu yao iko chini kuliko ya wasiougua.

Basi tukimbilie vidonge? Ngoja kwanza. Huenda upungufu huo ni moshi tu, na moto uko kwingine. Mpaka leo hakuna kidonge cha vitamini kilichothibitishwa kuuponya ugonjwa huu. Na kuzidisha kuna hatari: katika utafiti wa Ufini uliotangazwa 1994, wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa.

Kwa hivyo, mpeleke mwenzio apimwe damu, kisukari, tezi ya shingo na kifua kikuu, maana hayo yana matibabu. Mpe mapera, machungwa, sukuma wiki na karanga, kwa kuwa ni chakula chema. Mpunguzie kazi, wala usimlazimishe mazoezi. Na daktari akimwambia asifunge, asisimangwe na mtu. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Wabillahi tawfiq.