Mjue askari anayekukamata: cheo chake, kazi yake na mshahara wake

(Yafuatayo ni maneno aliyoyatoa mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa Ipililo, mkoani Simiyu. Tumeyachapa kwa faida ya vijana wa mijini ambao kila kukicha wanakutana na polisi barabarani. – Mhariri)



Mimi si mwanasheria, wala sijawahi kuvaa gwanda. Nimeishia kidato cha nne, na kalamu ndiyo inayonilisha, siku ikikubali kulisha. Nimekuja kuzungumza juu ya polisi kwa sababu niliwahi kulala mahabusu usiku mmoja, katika mji ambao sitautaja. Kosa langu lilikuwa kupiga picha bodaboda wakikamatwa. Asubuhi askari wa kaunta akanitaka elfu thelathini, eti ya dhamana. Nikatoa. Stakabadhi sikupewa. Nilipotoka, rafiki yangu akaniuliza: aliyechukua hela ana cheo gani? Nikabaki namtumbulia macho. Usiku kucha nimemwita "afande", kumbe simjui ni nani!

Ndugu zangu, ujinga huo ndio mtaji wa wala rushwa. Basi leo tumjue afande.

Cheo cha chini kabisa ni konstebo. Huyu hana alama mkononi. Anafuata koplo mwenye V mbili, kisha sajenti mwenye V tatu, kisha stafu sajenti na sajini meja. Juu yao ndipo zinapoanza nyota: mkaguzi msaidizi, kisha mkaguzi. Halafu wanakuja warakibu: mrakibu msaidizi, mrakibu na mrakibu mwandamizi. Juu yao kuna kamishna msaidizi, kamishna msaidizi mwandamizi, naibu kamishna na kamishna. Kileleni yuko Inspekta Jenerali, ambaye anateuliwa na Rais. Aliyeteuliwa Julai 2022 ni Camillus Wambura.

Msichanganye cheo na madaraka. OCS ni mkuu wa kituo. OCD ni mkuu wa polisi wa wilaya. RPC ni kamanda wa mkoa, na kwa mkoa wetu makao yake yako Bariadi. Hayo ni madaraka. Mtu anaweza kuhamishwa kesho akayaacha, lakini nyota zake akaondoka nazo.

Sasa kazi. Konstebo ndiye punda wa jeshi. Doria ya usiku ni yake, lindo la benki ni lake, kaunta ni yake, kusindikiza mahabusu kwenda mahakamani ni kwake. Mvua ikinyesha anayelowa ni yeye. Koplo na sajenti wanasimamia zamu na kupeleleza kesi ndogo ndogo. Mkaguzi anawasimamia hao. Mrakibu na wa juu yake wanapanga, wanaamuru na wanasaini. Kwa hiyo, kijana wa mjini, kati ya askari kumi utakaokutana nao barabarani, karibu wote ni wa ngazi za chini. Wenye maamuzi huwaoni.

Na mshahara? Unapanda na cheo, na askari hupata pia posho ya chakula. Nyumba ni kota, kwa aliyebahatika. Ili mpate kipimo, Mei Mosi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka sh. 370,000 hadi sh. 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Gawa laki tano kwa siku thelathini. Haifiki elfu kumi na saba kwa siku. Mtu wa ngazi ya chini serikalini alishe watoto, asomeshe, atume kwa mama kijijini. Nina rafiki niliyesoma naye ambaye leo ni konstebo. Tukikutana, anayenunua chai ni mimi, mwandishi nisiye na ajira!

Nayasema haya ili tuwe wakweli. Mtu mwenye bunduki na mfuko mtupu ni hatari kwa taifa. Tume ya Jaji Warioba ilipochunguza rushwa mwaka 1996, polisi walitajwa miongoni mwa sehemu zilizooza. Miaka karibu thelathini baadaye, 2023, Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ikaangalia tena haki jinai, na polisi wakawa tena mezani. Lakini njaa haihalalishi wizi. Mwalimu naye ana njaa, mbona hauzi chaki?

Kuna jambo zito zaidi ya mshahara. Nalo ni amri. Wazee waliopo hapa wanakumbuka mwaka 1976, wakati sehemu hii ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi yalikuwa yamezidi. Vyombo vya dola vikafanya msako Mwanza na Shinyanga. Watu wakakamatwa, wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa waliopewa kazi ya kuwalinda. Ilikuwaje mwisho wake? Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake. Baadhi ya maofisa wa polisi na wa usalama walifikishwa mahakamani wakafungwa. Somo ni hili: amri inashuka kwa ngazi, na lawama sharti ipande kwa ngazi ile ile. Tukiishia kumlaani konstebo, tunawafurahisha wakubwa wake.

Na msisahau kwamba ni Wasukuma na Wanyamwezi walioanzisha sungusungu mapema miaka ya 1980, walipoona ng'ombe wanakwisha na polisi wako mbali. Mwano ukilia, kijiji kizima kinatoka. Lakini hata sungusungu walipomtoza mtu au kumchapa bila kumsikiliza, ilikuwa dhuluma ile ile isiyo na gwanda.

Basi tufanye nini? Kwanza, ukikamatwa una haki ya kuambiwa kosa lako. Uliza kwa adabu. Pili, soma jina na cheo cha aliyekukamata, na namba yake ya jeshi. Vikae kichwani. Tatu, dhamana ya polisi haiuzwi. Ikionekana huwezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anapaswa kuichunguza kesi yako na, kama kosa si zito, akuachie kwa dhamana. Nne, koplo akikukatalia, omba kumwona OCS. OCS akikataa, panda kwa OCD, kisha kwa RPC. Ngazi waliyojijengea wao, na wewe ipande.

Mimi elfu thelathini yangu imekwenda, sitaiona tena. Ninyi msitoe yenu kwa mtu msiyemjua hata cheo.