Tovuti ya Mbio Zetu: Mchangiaji Aione Shilingi Yake

(Maelezo ya mjumbe wa kamati ya fedha kwa wanachama wa tawi la Dar es Salaam)



Nimeombwa nieleze tovuti ya mbio za hisani za kuchangia chumba cha kujifungulia katika zahanati yetu. Vijana wamenionyesha michoro yao: Mlima Rungwe, mashamba ya chai, migomba. Inapendeza. Mimi ni mhasibu, mtanisamehe nikianza na hesabu.

Tuseme tumepata wakimbiaji 200, kila mmoja amelipa kiingilio cha shilingi 30,000. Hizo ni milioni 6. Fulana, medali, maji, gari la wagonjwa na vipaza sauti vikila 20,000 kwa kila mkimbiaji, zinabaki milioni 2. Kwa fedha hiyo chumba hakisimami. Mbio kubwa kama CRDB Bank Marathon, zilizoanza mwaka 2020 na kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, zina benki nyuma yake. Sisi benki hatuna.

Angalieni wanavyofanya kwenye London Marathon. Wakimbiaji wengi wa hisani hufungua kila mmoja ukurasa wake kwenye tovuti kama JustGiving, na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake wanamchangia humo. Kwetu jambo hili si geni. Nani hapa hajapokea kadi ya mchango wa harusi? Basi kila mkimbiaji apewe kadi yake ndani ya tovuti: jina, kijiji atokacho, lengo lake, na kiasi kilichokwisha kuingia. Kijana wa Mwakaleli anayefanya kazi Mwanza akiituma kwenye kundi la WhatsApp la ofisini kwake, atachangiwa na watu ambao Tukuyu hawajafika hata siku moja. Wale 200 wakileta 50,000 kila mmoja kutoka kwa watu wao, ni milioni 10, na fulana haizigusi.

Sasa njia ya kulipa, maana hapa ndipo watu wanapotukimbia. Mtu akitaka kutuma kwa simu, jina linalotokea kabla hajaweka namba ya siri liwe la chama. Likitokea jina la mtu binafsi, hata awe mweka hazina mwaminifu kiasi gani, wengi wataishia hapo. Kila mkimbiaji awe na kumbukumbu namba yake ili mchango usipotee njiani. Ndugu zetu walio nje ya nchi walipe kwa kadi ya benki, na makato yaonekane.

Ahadi na fedha iliyopokelewa zikae safu mbili tofauti. Kwenye harusi tunazijumlisha pamoja, halafu wiki ya mwisho kamati inahangaika kukopa.

Ukurasa uwe mwepesi. Wengi tutaufungulia kwenye simu, kwa bando la siku. Picha moja ya mlima inatosha. Kitufe cha "Changia" kiwe juu kabisa, na lugha iwe Kiswahili.

Namba za simu za wakimbiaji zisianikwe. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na picha ya mama aliyetoka kujifungua isitumike kuombea fedha bila ridhaa yake. Angekuwa dada yako?

Mbio zikiisha, tovuti isifungwe. Hapo ndipo risiti za saruji na nondo zianze kuwekwa, na picha ya msingi, na tarehe. Wapo wenzetu walioacha kuchangia. Nikiwauliza, hakuna anayesema hana fedha. Wanauliza zile za awamu zilizopita zilifikia wapi. Swali hilo lina haki ya kujibiwa mahali ambapo kila mtu anaona, mwenye hoja asilazimike kupigia kiongozi simu.

Namba ya malipo ya chama bado hatuna. Inahitaji sahihi za wadhamini watatu, na wawili nawaona ukumbini. Vijana wasizindue chochote kabla haijapatikana. Fomu ninazo hapa.