Podikasti ya Programu Huria: Kazi ya Hiari Inayodumu kwa Kushirikiana

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa kata katika mfululizo wa elimu kwa umma kuhusu matumizi ya kompyuta na intaneti.



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuutunza mfumo wa Windows 10. Kompyuta zilizokuwa zikiutumia hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka kama jana yake. Kilichokoma ni marekebisho yaliyokuwa yakitumwa bila malipo ili kuziba mianya ya usalama. Mfumo uliofuata, Windows 11, haukubali rasmi kompyuta nyingi za zamani, hata zile ambazo kioo, kibodi na diski zake bado ni nzima. Swali linalobaki mezani kwa mwalimu, fundi au mwenye stesheneri ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, mashine hiyo itupwe, au ipo njia nyingine?

Njia nyingine ipo, nayo ina umri wa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alianza kutoa kiini cha mfumo wa kompyuta ambacho leo kinajulikana duniani kote kwa jina la Linux. Mwaka 1992 kiini hicho kiliwekwa chini ya leseni ya GPL, iliyotokana na mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza huko Marekani mwaka 1983. Leseni hiyo inampa kila mtumiaji haki nne: kuitumia programu kwa shughuli yoyote, kuchunguza jinsi inavyofanya kazi na kuibadilisha, kumgawia mwenzake nakala, na kusambaza nakala aliyoiboresha. Hiyo ndiyo maana ya programu huria. Uhuru unaotajwa hapo ni uhuru wa mtumiaji, si unafuu wa bei peke yake. Ipo miundo ya Linux iliyotengenezwa mahususi kwa kompyuta zenye nguvu ndogo, na mingi hupatikana bila kulipa senti.

Kwa hiyo upungufu uliopo si wa programu. Upungufu ni wa mtu wa kumweleza mkazi, kwa lugha anayoifikiria, namna ya kuuweka mfumo huo, namna ya kuunganisha printa, na la kufanya kioo kinapobaki cheusi. Katika nchi nyingine pengo hilo lilizibwa kwa sehemu kubwa na watu wa kawaida waliokaa mbele ya kipaza sauti baada ya saa za kazi. Walianzisha podikasti, yaani vipindi vya sauti vinavyosikilizwa kupitia intaneti kwa wakati anaoutaka msikilizaji mwenyewe.

Mfano mmoja unaofaa kuangaliwa ni LugRadio ya Wolverhampton, mji ulioko katikati ya Uingereza. Ilianzishwa mwaka 2004 na marafiki waliofahamiana katika kikundi cha watumiaji wa Linux cha mji huo. Mwaka huo huo ndipo neno lenyewe la Kiingereza la podikasti lilipochapishwa kwa mara ya kwanza, katika gazeti la The Guardian. Marafiki hao hawakuwa na kituo cha redio wala mtaji. Walizungumza, wakabishana, wakacheka, wakawahoji watengenezaji wa programu, na wasikilizaji wakawa wengi kiasi kwamba kuanzia mwaka 2005 waliandaa mkutano wa kila mwaka katika mji wao. Mwaka 2008 wakafunga kipindi.

Hawakuwa peke yao. Linux Outlaws ilianza mwaka 2007 na kwisha mwaka 2014. Podikasti ya wapenzi wa Ubuntu nchini Uingereza ilianza mwaka 2008 na kufungwa mwaka 2021. Hakuna aibu katika mwisho wa namna hiyo. Mtu huoa, huhamishwa kikazi, huuguza mzazi, au huchoka tu. Kipindi cha nusu saa humtaka mtayarishaji atafute mada, aijaribu, arekodi, ahariri na achapishe, kisha aanze tena. Kipindi kinapokalia mabega ya watu wawili au watatu, umri wake ni umri wa nafasi waliyo nayo.

Tofauti na hizo ni Hacker Public Radio. Ilitokana na kipindi kilichoanza mwaka 2005, na jina lake la sasa lilianza kutumika mwishoni mwa mwaka 2007. Jina hilo lisimtishe mtu. Kwa Kiswahili mdukuzi ni mwenye kuingia katika kompyuta za watu bila ruhusa. Lakini neno la Kiingereza, katika maana yake ya zamani, humtaja mtu anayependa kufungua vitu ili ajue vinavyofanya kazi. Hacker Public Radio hutoa kipindi kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na vipindi vyake vimepita 4,000. Haina watangazaji wa kudumu. Vipindi vyote hutumwa na wasikilizaji wenyewe: leo mmoja anaeleza namna ya kuhifadhi nakala za faili, kesho mwingine anaeleza jinsi alivyoifufua kompyuta ya baba yake. Haidai sauti ya studio. Inatosha maneno yasikike. Na kila kipindi hutolewa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kukinakili na kukisambaza, mradi amtaje mwenye kazi na naye atoe kwa masharti hayo hayo.

Hapo ndipo siri ya kudumu kwake ilipo. Programu huria hudumu kwa sababu mtumiaji anaruhusiwa kuwa mtengenezaji. Hacker Public Radio imedumu kwa sababu msikilizaji anaruhusiwa kuwa msemaji. Wahenga walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Anayetaka kuanzisha podikasti ya aina hii katika kata aanze kwa kuhesabu vidole kabla ya kuhesabu vifaa: nani atarekodi, nani atahariri, na nani ataishika kazi mwezi ambao mwenye wazo la kwanza hatakuwa na nafasi.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Simu ya kawaida yenye uwezo wa kurekodi inatosha kuanzia. Kinachoharibu sauti mara nyingi ni mahali. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji hurudisha mwangwi. Chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa huunyonya. Mvua juu ya bati haina dawa isipokuwa kungoja ipite. Wazungumzaji wanapokuwa mbali, kila mmoja na arekodi sauti yake kwenye simu yake wakati wa mazungumzo, kisha faili ziunganishwe baadaye; kofi moja la mikono mwanzoni husaidia kuzilinganisha.

Kwa uhariri ipo Audacity, programu huria iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, inayofanya kazi kwenye Linux na kwenye Windows pia. Msemaji akiacha sekunde chache za ukimya kabla ya neno la kwanza, programu hiyo inaweza kuutambua mvumo wa feni au jenereta na kuupunguza katika rekodi nzima.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni ukubwa wa faili, ambalo kwa msikilizaji wa kata ni suala la bando. Nusu saa ya sauti isiyobanwa, hata ya mkondo mmoja, ina takriban megabaiti 159. Ikibanwa kwa MP3 kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hushuka hadi megabaiti 14 na nusu hivi. Ikibanwa kwa Opus, mfumo huria wa sauti uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha intaneti mwaka 2012, kwa kilobiti 24 kwa sekunde, hubaki megabaiti 5 na nusu, na mazungumzo bado yanasikika vizuri. Mtayarishaji anayechapisha faili kubwa pasipo haja anamlipisha msikilizaji kwa uzembe wake. Zipo simu na programu za zamani zisizofungua Opus, kwa hiyo ni busara kuweka faili za aina zote mbili.

Faili zikiwa tayari, huhifadhiwa mahali zinapoweza kupakuliwa. Maktaba ya kidijitali ya Internet Archive, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996, hupokea kazi za namna hii bila malipo. Kisha huandaliwa faili ndogo ya maandishi iitwayo RSS, yenye orodha ya vipindi na anuani ya kila kimoja. Programu ya podikasti kwenye simu huisoma orodha hiyo mara kwa mara na kukichukua kipindi kipya. Hakuna dalali kati ya msemaji na msikilizaji, na wasio na intaneti huweza kugawiwa vipindi kwa kadi ya kumbukumbu.

Sauti ina mpaka wake, na mpaka huo hauna budi kuheshimiwa. Amri za Linux huandikwa herufi kwa herufi. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja, na nafasi moja iliyozidi katika amri ya kufuta inaweza kuondoa mafaili ambayo mtu hakukusudia kuyagusa. Amri ya namna hiyo haifai kutamkwa tu ikaachwa. Iandikwe katika maelezo yanayoambatana na kipindi, ijaribiwe kwanza kwenye kompyuta isiyo na kazi za watu, na msikilizaji aambiwe ahifadhi nakala za mafaili yake kabla ya kugusa chochote. Kosa likigundulika, litangazwe mwanzoni mwa kipindi kinachofuata na kurekebishwa katika maelezo ya kile cha zamani, kwa kuwa rekodi ya leo itaendelea kusikilizwa baada ya miaka mitano.

Kwa upande wa sheria, mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, Kanuni za Maudhui Mtandaoni, zilizotolewa mwaka 2018 na kuandikwa upya mwaka 2020, zinawataka baadhi ya watoaji wa maudhui kuwa na leseni. Anayekusudia kuanza aulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kama shughuli yake inahusika, aulize kabla ya kuchapisha, si baada ya kuitwa. Pili, muziki una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii, hata kama wimbo wake umetumika kwa sekunde chache za kufungulia kipindi cha hiari. Kijana wa mtaani anayepiga gitaa na kutoa ruhusa yake kwa maandishi atafaa zaidi kuliko wimbo maarufu uliochukuliwa kimyakimya.

Limebaki suala la lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuandikwa kwenye menyu ya kompyuta. Lakini istilahi haiishi kwa kuandikwa tu. Huishi kwa kutamkwa, kuulizwa na kujibiwa. Fundi anayemweleza mteja tatizo la diski kwa Kiswahili safi, akiwa ameshika bisibisi, anafanya kazi ambayo kamusi peke yake haiwezi kuifanya. Kwa bahati mbaya maelezo yake huishia mlangoni mwa duka. Akihama, akiugua au akifunga kazi, kata inabaki na kompyuta zile zile na haina tena mtu wa kuzisemea.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi ni mali. Dakika kumi za fundi huyo, zilizorekodiwa kwenye chumba chenye mapazia, zikahaririwa na mwanafunzi na kuambatanishwa na maelezo yaliyopitiwa na mwalimu, zinaweza kuokoa kompyuta ya shule ambayo ingetupwa. Si lazima kipindi kitoke kila wiki, wala si lazima kiwe na wasikilizaji maelfu. Kipindi kimoja kwa mwezi, chenye wasemaji watano wanaopokezana, kina nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko cha kila wiki chenye msemaji mmoja. Wenye nia waanze kwa kukutana, waandike majina ya wasemaji na mada sita za mwanzo, ndipo wawashe kifaa cha kurekodi.