Ruhusa Kwanza, Tikiti Baadaye

Mazungumzo kwa wakazi wa Migori na Homa Bay kuhusu kuwafuata jamaa walio nchi za nje



Mkazi wa Isebania amezoea kuvuka kwenda Sirari asubuhi na kurudi jioni. Ana shangazi Tarime na binamu Rorya. Mvuvi wa Muhuru Bay naye huiona Tanzania akiwa ndani ya mashua yake. Kwa mazoea hayo, wengi hudhani kwamba kumfuata mume, mke au mzazi aliye ng'ambo ni suala la nauli tu. Sivyo.

Hata hapo Tanzania, Mkenya anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na igongwe muhuri mpakani. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kutembea huko hadi miezi sita bila kulipia viza. Lakini kutembea si kuhamia. Mama aliyeolewa Tarime na anayetaka kuishi huko na mumewe sharti aombe kibali cha kuishi. Anayepita njia ya panya hana muhuri, na siku akisimamishwa hana cha kujitetea nacho.

Nchi za mbali zina masharti makali zaidi, nayo hubadilika. Nchini Uingereza, wahudumu wa wazee na wagonjwa walioomba viza ya kazi hiyo kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuwaleta wake, waume wala watoto wao. Aprili mwaka huo, kipato cha chini kwa raia au mkazi wa kudumu anayemwombea mwenzi wake kilipanda kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka. Mwombaji kutoka Kenya hupimwa pia kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa.

Nchini Marekani, mwenye kadi ya kijani anaweza kumwombea mume au mke, na watoto wasiooa wala kuolewa. Wazazi na ndugu hawezi kuwaombea mpaka awe raia, na foleni ya ndugu huchukua miaka mingi.

Wapo wanaoshauriwa na maajenti waombe viza ya matembezi, kisha wabaki hukohuko. Huo ni mtego. Uingereza haimruhusu mgeni wa matembezi kubadili viza yake iwe ya mwenzi akiwa ndani ya nchi. Anayetumia hati bandia au kusema uongo kwenye maombi anaweza kufungiwa mlango kwa miaka kumi. Familia inayouza ng'ombe na kipande cha shamba kununua tikiti kabla viza haijatoka inacheza kamari. Viza ikikataliwa, ng'ombe hawarudi zizini.

Kazi ya kwanza iko hapa nyumbani, nayo ni vyeti. Mume anaweza kuwa amelipa mahari yote na ukoo mzima ukashuhudia, lakini afisa wa viza hakuwapo. Yeye huangalia cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka hata ndoa ya kimila iandikishwe kwa Msajili wa Ndoa. Wenye ndoa ambayo haijaandikishwa waanze sasa, kwa sababu maombi mengi hukwama hapo.

Watoto nao wawe na vyeti vya kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani huanzia kwa naibu chifu, ambaye huandika taarifa ya kuzaliwa. Majina yalingane katika vyeti vyote: "Atieno" kwenye kitambulisho na "Achieng" kwenye cheti huzua maswali. Makosa yarekebishwe kabla ya kuomba pasipoti, ambayo huombwa kupitia eCitizen. Ofisi ya Uhamiaji ya Kisumu ni miongoni mwa zile zinazopokea waombaji na kuchukua alama za vidole.

Basi utaratibu uwe huu: vyeti, pasipoti, maombi ya viza, jibu kwa maandishi, na mwisho kabisa tikiti. Masharti yasomwe kwenye tovuti rasmi ya serikali ya nchi husika, si kwenye ujumbe wa WhatsApp. Asiyeelewa amwombe mwalimu au kijana anayeaminika amsomee. Kuuliza si ujinga, na kusubiri miezi michache kuna nafuu kuliko kurudishwa kutoka uwanja wa ndege wa ugenini huku watoto wakisubiri upande wa pili.