Mbwa Mlinzi na Maradhi ya Kichaa



Ng'ombe hutupa maziwa, punda hutuchukulia mizigo, na paka hutulindia ghala. Lakini mnyama alalaye mlangoni petu, achezaye na watoto mchana na kumfukuza mwizi usiku, ni mbwa. Kwa kuwa yu karibu nasi kupita wanyama wengine, yatupasa kuyajua maradhi yake yatuuayo sisi pia, yaani kichaa cha mbwa.

Maradhi haya si mageni. Hapa Kenya yalithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa karibu na Nairobi. Duniani, katika kila watu 100 wafao kwa kichaa, 99 huambukizwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao.

Maradhi huletwa na virusi vikaavyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa jeraha la meno au mkwaruzo, kisha hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo yaweza kuchukua majuma machache au miezi kadhaa, na katika muda huo mtu hujiona mzima kabisa. Lakini alama zikisha kutokea, kama vile kuogopa maji na kushindwa kumeza, hakuna dawa ya kumponya. Karibu kila mgonjwa hufa.

Wengi hudhani kwamba kila mbwa mwenye kichaa ni mkali. Sivyo. Wako ambao hunyamaza, hujificha gizani, na taya lao hulegea huku mate yakichuruzika. Mwenyewe akimwona hudhani amekwamwa na mfupa kooni, akatia mkono kinywani ili autoe. Asifanye hivyo hata kidogo. Heri amwite afisa wa mifugo.

Je, mtu akiumwa afanye nini? Kwanza, aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa dakika 15. Asipake majivu, mafuta wala pilipili. Pili, aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano ya kinga. Sindano hizi si moja. Arudi kila siku aliyoandikiwa, hata kama kidonda kimekwisha kupona. Kinga ya namna hii ilitumiwa kwanza mwaka 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alipompa mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye akaishi.

Kinachotuangamiza mara nyingi ni kungoja. Mmoja husema, "Ni mbwa wa jirani, namjua." Mwingine husema, "Ni mtoto wa mbwa tu, amenikwaruza kidogo." Wengine hukaa siku nyingi wakibishana ni nani atakayelipa gharama ya hospitali. Kesi ya fidia yaweza kungoja mbele ya wazee, jeraha halingoji. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Dawa iliyo bora kuliko zote ni kumchanja mbwa mwenyewe. Wataalamu wanatuambia kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, maradhi hukosa njia ya kuenea. Kuwaua mbwa ovyo hakufai kitu, kwani wengine wasiochanjwa huja kushika mahali pao. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilitoa mpango wa kuyaondoa maradhi haya yasiwaue watu tena ifikapo mwaka 2030. Lakini mpango hauwezi kumkamata mbwa na kumfunga kamba. Kazi hiyo ni ya mwenyewe. Siku ya chanjo ikitangazwa, mpelekeni kila mbwa, hata wale wadogo, nanyi mkitunze vizuri cheti chake.

Wazazi, wafundisheni watoto wasimchokoze mbwa alaye au anyonyeshaye. Tena wafundisheni kusema kila waumwapo, wala msiwapige kwa kusema. Mtoto anayeogopa kiboko huficha jeraha, na jeraha lililofichwa ndilo liuzalo roho. Mbwa hutulinda kila usiku bila mshahara. Nasi tumlinde kwa chanjo, tupate kujilinda wenyewe na watoto wetu.