Mtoto Aliyepasuliwa Utumbo, na Wajibu Wetu Kwake



Katika siku hizi za yubilei mmesikia habari za majengo na za watu waliotutangulia. Mimi nimeombwa kusema juu ya afya, nami nimechagua jambo ambalo watu huona aibu kulitaja, yaani watoto wanaozaliwa na kasoro ya utumbo. Niwieni radhi nikitaja mambo ya sitara. Kwa kuyanyamazia, watoto hawa wameumia sana.

Kasoro hizi ni za namna nyingi, lakini mbili zajulikana zaidi. Ya kwanza, mtoto huzaliwa hana tundu la haja kubwa, au tundu lake liko mahali pasipo pake. Ya pili, tundu lipo, ila sehemu ya mwisho ya utumbo haina chembe za fahamu. Basi choo hukwama na tumbo huvimba. Hii yaitwa kwa jina la Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, aliyeieleza mwaka 1886. Kila moja ya kasoro hizi humpata kadiri ya mtoto 1 katika 5,000. Hailetwi na uchawi, wala si kosa la mama.

Zamani wengi walikufa wangali wachanga. Mwaka 1948 Orvar Swenson wa Boston na mwenzake walitangaza njia ya kukata sehemu isiyo na fahamu na kuushusha utumbo ulio mzima. Mwaka 1982 Alberto Peña na Pieter de Vries walitangaza njia ya kutengeneza tundu kwa kupasua upande wa nyuma, hata daktari aione misuli waziwazi.

Basi mtoto akisha kupasuliwa, wazazi hudhani kazi imekwisha. Hapa ndipo lilipo neno langu: kidonda hupona, bali utumbo huo utahitaji kuangaliwa miaka mingi, pengine maisha yote. Daktari aweza kutengeneza njia. Hawezi kuumba misuli na fahamu ambazo mtoto hakuzaliwa nazo.

Aghalabu choo hufunga. Utumbo ukijaa choo kigumu, kile chepesi hupenya kando na kumchafua mtoto pasipo yeye kujua. Mzazi akidhani ni tumbo la kuhara, akampa dawa ya kuzuia choo, huzidisha madhara. Tena, waliozaliwa bila tundu mara nyingi huwa na kasoro nyingine za figo, za moyo au za uti wa mgongo. Figo zao zapasa kupimwa, wala homa yao isidharauliwe. Na yule mwenye kasoro ya Hirschsprung, akivimba tumbo, akiwa na homa na kuharisha choo chenye harufu kali, apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama alipasuliwa zamani. Hatari hiyo huweza kuua. Msichana naye akiwa mkubwa na kushika mimba, amwambie mkunga mapema jinsi alivyopasuliwa.

Sasa ninyi walimu. Mtoto huyu akijichafua darasani, si mvivu, wala hakukosa malezi. Kumpiga hakumpi misuli. Humfukuza shuleni tu. Mketisheni karibu na mlango, mpeni ruhusa ya kutoka bila kuomba mbele ya wenzake, awe na nguo ya kubadili, na choo chenye maji na mlango unaofungwa. Anayemcheka aonywe.

Wala msikate tamaa. Wako watoto wasioweza kuzuia choo, ambao hospitali huwafundisha wazazi wao kuwaosha utumbo kila siku kwa maji ya chumvi yaliyopimwa, yakiingizwa kwa mpira. Kipimo hutolewa na hospitali. Mtu asikibuni mwenyewe. Utumbo ukisha kuwa mtupu, mtoto hukaa safi hata kesho yake, akasoma na kucheza kama wenziwe. Kasoro haikuondoka, lakini aibu imeondoka.

Ndugu zangu, wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Aliye na mtoto wa namna hii asimfiche ndani. Amlete hospitali, amlete na shuleni, nasi tumpokee.