Darasa la Ubatizo Lisikatwe na Ziwa
(Maneno yaliyosemwa Kigwena katika sherehe ya ushirika wetu)

Wapendwa mliotoka Kigoma na Kasulu, mliovuka kutoka Uvira, Baraka na Kalemie, nanyi ndugu zetu wa Rumonge na Nyanza-Lac, karibuni Kigwena. Wazee wameniomba niseme juu ya kuwaandaa vijana na watu wazima kwa ubatizo. Nitafupisha, maana harufu ya mukeke mnaisikia wenyewe kutoka jikoni.

Kwanza tuelewane. Wengi kati yetu tumekaa jirani na makanisa yenye kipaimara. Kule mtoto hubatizwa akiwa mchanga, na akipata akili hufundishwa katekisimu, kisha askofu humwekea mikono. Sisi Wapentekoste hatuna kipaimara. Tunabatiza kwa maji mengi mtu aliyeamini mwenyewe, na tunamwombea ajazwe Roho Mtakatifu. Mwaka 1935 Wapentekoste kutoka Sweden walianza kazi Kiremba, na mwaka huohuo Waanglikana wakafungua misheni Matana, kote huko milimani kwetu, upande wa Bururi. Njia zikawa mbili, lakini zote mbili zinapita darasani. Na swali ni moja: huyu mtu anasema "naamini" kwa kinywa chake, au anasemewa na wengine?

Sasa, shida yetu watu wa ziwa ni ipi? Watu wetu hawakai mahali pamoja. Ndagala wakihama, mvuvi anawafuata. Leo yuko Rumonge, baada ya miezi miwili yuko Kigoma, mwakani utamsikia Kalemie. Wengine wamekimbia vita, wakakaa kambini Nyarugusu au Nduta, wakarudi nyumbani. Kila anapofika, kanisa linampokea vizuri, linamwimbia, halafu linamwambia: "Darasa linaanza mwezi ujao, utaanza somo la kwanza."

Kuna mama mmoja, mkamuaji wa mawese, alianza darasa kambini. Kabla halijaisha, akarudi Burundi. Huku akaandikishwa upya. Kisha akamfuata mume wake ng'ambo, upande wa Kongo, akaanza tena. Aliniambia hivi: "Mwinjilisti, dhambi nimefundishwa mara tatu. Neema bado sijaifikia." Mnacheka, lakini huyo mama hakuwa anacheka. Kila mara Meza ya Bwana ikitandikwa, yeye anakaa nyuma.

Na wapo waliochoka kungoja. Hao wanatafuta mahali ambapo mtu anafika asubuhi na mchana yuko majini. Akirudi kwetu ameshabatizwa, lakini ukimwuliza Yesu amemfanyia nini, anamwangalia mwenzake amjibie. Kumbe ucheleweshaji wetu umezaa haraka yake.

Someni Matendo ya Mitume sura ya 18. Apolo alifika Efeso akiyajua Maandiko sana, lakini ubatizo alioujua ni wa Yohana tu. Prisila na Akila hawakumwambia aanze upya. Walimchukua kwao, wakamweleza lile lililopungua. Na alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu waliandika barua kwa wanafunzi wa kule wampokee. Mmeona? Kanisa la kwanza nalo lilikuwa na maji katikati, kama sisi. Mtu alivuka na barua yake, na kule alikofika akawa msaada mkubwa kwa walioamini. Amina?

Kwa hiyo naleta ombi kwenu, wachungaji wa pande zote. Tukubaliane masomo saba: toba, neema, ubatizo, Roho Mtakatifu, Neno na maombi, ndoa na nyumba, utumishi na utoaji. Kila mwanafunzi apewe daftari dogo. Somo likiisha, mwalimu aandike tarehe, jina la kanisa na kuweka sahihi. Akihama, daftari linahama naye. Mwalimu mpya amwulize: "Uliyofundishwa umeelewa nini?" Akijibu, aendelee na linalofuata. Akiwa na shaka, simu zipo, ampigie mwenzake. Lakini siri za mtu zisiandikwe humo. Daftari ni la masomo, si la mashtaka.

Pili, tuangalie saa ya watu. Mvuvi wa ndagala anafanya kazi usiku wa giza kwa taa, mchana amelala. Ukimwita Jumatano saa nane, unamwita maiti. Lakini mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika na watu wanashona nyavu. Siku hizo ndizo za darasa la watu wazima. Vijana nao wana likizo ndefu. Tusiwabane wakati wa mitihani, halafu tuseme hawapendi mambo ya Mungu.

Tatu, tusiwachanganye wote kila siku. Kijana wa miaka kumi na minne anaweza kukariri masomo yote saba kabla ya Jumapili, na bado anabatizwa kwa sababu rafiki zake wanabatizwa. Huyo msimpime kwa kukariri. Mwacheni aulize, hata maswali magumu. Asiyeruhusiwa kuuliza kwetu atauliza barabarani. Mtu mzima, yeye hata asipojua kusoma, ana maisha mikononi: ndoa isiyo halali, deni, au kesi ya shamba. Hapa Rumonge tunajua. Aliyekimbia mwaka 1972 na aliyebaki wanaweza kugombea michikichi ileile, na wote wawili wakawa benchi moja la darasa. Mwalimu asiwe hakimu wao. Kesi ina wazee na mahakama yake. Lakini kabla hawajaingia majini, awaulize kama wanaweza kusalimiana. Hilo halimo kwenye kukariri, na ndilo linaloonyesha somo la neema limeingia.

Mwingine atasema: "Mwinjilisti, yule Mwethiopia wa Matendo sura ya 8 alibatizwa safarini siku ileile." Kweli kabisa. Lakini Filipo alianza kwa kumwuliza kama anaelewa anachosoma, akapanda garini, akakaa naye, akamfundisha akianzia palepale alipokuwa anasoma. Hakumrudisha mwanzo wa chuo, wala hakumtia majini bila kuelewa. Sisi tufanye vivyo hivyo: tumkute mtu alipo, tumfikishe.

Wapendwa, tumekuja kutoka nchi mbalimbali, tumeimba kwa Kirundi, Kiswahili na Kibembe. Ushirika wetu usiwe wa nyimbo na picha tu. Naomba kabla boti la kwanza halijaondoka kesho, wachungaji wakae chini ya mwembe huu, wakubaliane masomo saba na daftari moja. Basi yule mama, popote atakapofika safari hii, afunguliwe ukurasa wa neema.